Uzi: Kill 'Em All ya Metallica (1983), albamu ambayo akompa ndiyo bosi

Bandugu wa muziki, jambo kwenu wote.

Hapa kwetu Lubumbashi ukitaja gitaa, swali la kwanza ni nani anapiga solo. Orkestra ikiingia kwenye sebene, ile sehemu ya gitaa ya kuchezea, macho yote yanamwendea yeye, na wa akompa, yaani gitaa la kusindikiza, anabaki nyuma akizungusha akordi zake. Kill 'Em All, albamu ya kwanza ya Metallica, bendi ya metali ya Marekani, inakwenda kinyume kabisa na utaratibu huo. Solo zipo, tena nyingine tamu, lakini ukiziondoa zote albamu bado inasimama. Ondoa akompa ya James Hetfield uone kama kitabaki kitu. Hilo ndilo ninalokuja kulitetea hapa, na nitakwenda nalo taratibu. Mwenye haraka aruke hadi kwenye wimbo wa Whiplash na kwa Cliff Burton, mpiga besi.

Kwanza historia kidogo, kwa ambao hawajawahi kuigusa.

Bendi ilianza Los Angeles mwaka 1981. Lars Ulrich, kijana wa Denmark ambaye familia yake ilihamia Marekani ili aendelee na tenisi, aliweka tangazo kwenye gazeti akitafuta wa kupiga naye, Hetfield akajitokeza. Mwaka uliofuata wakatoa demo, No Life 'til Leather, na demo hiyo ilitembea kwa kaseti: mtu ananakili, anamtumia mwenzake kwa posta, naye ananakili tena. Nakala moja ikamfikia Jon Zazula, aliyekuwa akiuza santuri pamoja na mke wake Marsha kwenye soko la mitumba kule New Jersey. Makampuni hayakuitaka bendi. Basi mume na mke wakaanzisha kampuni yao wenyewe, Megaforce, ili albamu itoke. Mwenye meza sokoni alisikia kitu ambacho wenye ofisi kubwa walikipita, na kila nikiwaona vijana wanaouza muziki kwa kuujaza kwenye flashi pale sokoni Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, ninamkumbuka Zazula na kuwaheshimu zaidi.

Walirekodi Mei 1983 mjini Rochester, jimbo la New York, kuanzia tarehe 10 hadi 27. Hetfield na Ulrich walikuwa na miaka 19. Kirk Hammett 20. Cliff Burton, mkubwa wao, 21. Albamu ikatoka tarehe 25 Julai, nyimbo 10, dakika 51 na kidogo. Jina walilolitaka mwanzo lilikuwa la matusi, wasambazaji wakalikataa, na hasira ya Burton dhidi ya wasambazaji hao ndiyo iliyozaa jina tunalolijua leo.

Sasa kuna jambo la Dave Mustaine ambalo bila kulijua huwezi kuielewa albamu. Mustaine ndiye aliyekuwa mpiga solo, na alikuwa pia mtunzi. Tarehe 11 Aprili 1983, wakiwa tayari wamefika New York kwa ajili ya kurekodi, walimfukuza kwa sababu ya ulevi na ugomvi, wakampandisha basi arudi California. Hammett akaitwa kutoka bendi ya Exodus. Kwa hiyo mtu aliyepiga solo zote hizo hakuwa ametimiza hata mwezi kwenye bendi walipoingia studio, na nyimbo 4 kati ya 10 zina jina la Mustaine kwenye utunzi: The Four Horsemen, Jump in the Fire, Phantom Lord na Metal Militia. Jaribuni kufikiria orkestra yoyote ya hapa mjini inabadilisha mpiga solo wiki chache kabla ya kurekodi. Kazi ingeahirishwa. Hawa hawakuahirisha, na waliweza kwa sababu ileile niliyoanza nayo: nguzo ya nyumba haikuwa solo.

Sisi watu wa Katanga tunapaswa kulielewa hili mapema kuliko wengine. Jean-Bosco Mwenda alirekodiwa na Hugh Tracey mwaka 1952 kule Jadotville, Likasi ya leo, na mpaka sasa wapiga gitaa wa mabara mengine wanaumiza vichwa juu ya mkono wake wa kulia. Dole gumba linatembeza besi, kidole cha shahada kinaimba. Vidole vya kushoto unaweza kuvitazama ukaviiga, lakini mkono wa kulia ndimo mtu mwenyewe alimo. Hetfield ni hivyohivyo, ingawa muziki wao haufanani hata kidogo. Anaweka ukingo wa kiganja juu ya nyuzi, pale zinapokaribia daraja la gitaa, na kuzibana nusu. Uzi hauimbi tena, unagonga. Halafu mediatori, kile kipande kidogo cha kupigia nyuzi, inapiga kushuka, kushuka, kushuka, bila kusaidiwa na pigo la kupanda mpaka kasi imlazimishe. Mapigo ya kushuka yote yana uzito mmoja, ndiyo maana rifu zake, vile vifungu vifupi vya gitaa vinavyorudiwarudiwa, zinasikika kama zimekatwa kwa msumeno. Mkono wa kawaida unaungua kwenye misuli kabla wimbo haujafika katikati. Yeye alikuwa anafanya hivyo na huku anaimba.

Tuingie kwenye nyimbo.

Hit the Lights inafunguka kwa kelele inayokuja kutoka mbali, gitaa na batri, yaani seti ya ngoma, vikipigwa pamoja kama orkestra inayomaliza shoo, na hapo ndipo wimbo unaanza. Ni wimbo wa zamani kuliko bendi yenyewe, Hetfield aliutoa kwenye kundi lake la awali. Maneno yake hayana kitu zaidi ya kusema sisi tunapiga kwa nguvu. Sauti ni ya kijana ambaye bado anatafuta koo lake, anapiga makelele juu sana mahali ambapo miaka 3 baadaye angenguruma. Napenda hivyohivyo.

The Four Horsemen ni dakika 7 na sekunde 13, na ndiyo inayoonyesha kwamba hawa vijana walikuwa wanakwenda mahali fulani. Mustaine alikuja na wimbo wa kasi uitwao Mechanix, wenye maneno machafu ya mtu wa kituo cha petroli. Wenzake wakaupunguza mwendo, wakabadilisha maneno, wakaingiza sehemu ya katikati ambapo kila kitu kinatulia na gitaa linaimba polepole. Mustaine hakukubali, na mwaka 1985 aliurekodi tena kwa mwendo wake wa zamani kwenye albamu ya kwanza ya Megadeth, bendi yake mpya. Sikilizeni zote mbili siku moja. Ile ya Mustaine ni mbio tupu, na inasisimua. Hii ya Metallica ina mlima na bonde. Maneno yanatoka kwenye wale wapanda farasi wanne wa Ufunuo sura ya 6, ila wamewapanga upya: Wakati, Njaa, Tauni na Mauti. Yule mwenye upinde na yule wa vita hawamo. Kumweka Wakati kuwa mpanda farasi wa kwanza ni wazo zito kwa mtoto wa miaka 19, na mimi naona hapo ndipo mwandishi wa mashairi alipoanza kuzaliwa.

Motorbreath ni fupi na nzuri, Hetfield aliitunga peke yake. Jump in the Fire ni dhaifu kwangu. Rifu yake inachezacheza tu, kiitikio kinajaribu kumfurahisha kila mtu, na ule moto wa shetani unaoitwa kwenye maneno hautishi mtu yeyote aliyekulia kwenye nyumba ya sala. Phantom Lord ina sehemu tulivu katikati ambayo ni nzuri kuliko wimbo uliobaki.

Halafu Whiplash.

Ikiwa una dakika 4 tu za kuipa albamu hii, zipeleke hapa. Batri inaanza, gitaa linagonga uzi wa chini uliobanwa, mara nyingi mno, na kwa sekunde kadhaa hakuna melodi yoyote. Ni uzi mmoja na mkono mmoja. Hapo kabla Motörhead walikuwa wamekimbia, Venom walikuwa wamechafua sauti, Diamond Head walikuwa na rifu ndefu zenye akili. Whiplash ilichukua vitu hivyo vitatu na kuvifunga kamba kwa mapigo makavu yaliyokatwa sawasawa. Wakati Motörhead wanapiga kasi, unasikia wimbi. Hapa unahesabu kila tone. Kwangu mimi thrashi, metali hii ya mbio na ya kukata, ilizaliwa kwenye sekunde hizo, na anayetaka kubishana anakaribishwa, lakini aje na wimbo uliotoka sokoni kabla ya Julai 1983.

No Remorse, Seek & Destroy na Metal Militia zinafunga. Seek & Destroy ni mwendo wa kutembea, rifu ambayo mtoto anaweza kuiimba kwa mdomo, na katikati inapiga mbio mara mbili halafu inarudi. Bendi bado inaipiga kwenye matamasha baada ya miaka 40 na zaidi. No Remorse sijui kwa nini watu hawaitaji. Ina rifu za kutosha nyimbo tatu, na mwisho inapokimbia ghafla, batri ya Ulrich inakaribia kuachwa nyuma, na hatari hiyo ndiyo utamu. Metal Militia ni kelele za jeshi, maneno ni ya kitoto, ila mkono wa kulia pale ni wa kuogopesha.

Upungufu nausema wazi. Sauti ya rekodi ni nyembamba. Gitaa lina makali lakini halina kifua. Besi ya Burton mara nyingi huisikii, unaihisi tu. Mwaka mmoja baadaye kwenye Ride the Lightning walilitengeneza hilo, na kwa jumla Ride the Lightning na Master of Puppets ya 1986 ni albamu kubwa zaidi. Lakini tunapima albamu za kwanza, na kati ya albamu za kwanza za thrashi hakuna inayoifikia hii.

Karibuni.

Mchangiaji wa Katuba:

Yaya, asante kwa uzi. Mimi napiga gitaa la umeme kwenye kwaya na nimejaribu huo ubanaji usiku wa leo kabla umeme haujakatika. Nikibana, uzi unakufa kabisa, unatoa "tap tap" tu kama kugonga mbao. Nikiachia kidogo unaimba wote. Pale katikati napakosa.

Mwanzisha uzi:

Mdogo wangu, tazama mahali kiganja kinapokaa. Wengi wanakiweka mbele mno, juu ya nyuzi zenyewe karibu na maikrofoni za gitaa, na hapo uzi hauna nafasi ya kutetemeka. Rudisha nyuma mpaka nusu ya ukingo wa kiganja iwe juu ya chuma cha daraja na nusu iguse nyuzi. Ni upana wa milimita chache tu unaotenganisha kufa na kuimba. Usikandamize. Uzito wa mkono wenyewe unatosha. Halafu angalia mwendo unatoka wapi: ukitoka kwenye kiwiko utachoka upesi, ukitoka kwenye kifundo cha mkono utadumu. Shika mediatori fupi, ncha ndogo tu ichomoze.

Na kitu kingine, amplifaya. Gitaa la kwaya huwekwa sauti safi, na sauti safi haiwezi kukuonyesha faida ya kubana. Ukitia mkwaruzo, ile sauti chafu ya amplifaya iliyozidishwa nguvu, yale mapigo yaliyobanwa yanajaa, yanatoa ule mguno wa chini. Anza na Seek & Destroy, polepole kabisa, kushuka tu. Usiguse Whiplash mpaka mkono ukubali.

Mchangiaji wa Likasi:

Uzi mzuri, lakini napinga hitimisho. Slayer walitoa Show No Mercy mwezi Desemba mwaka huohuo 1983, na pale kuna giza ambalo Metallica hawakuwa nalo. Kill 'Em All ukiisikiliza vizuri ni vijana wa roki wanaokwenda mbio. Slayer walikuwa tayari wanatisha. Tena walijilipia wenyewe, Tom Araya alitoa akiba yake ya kazi ya hospitali na baba yake Kerry King akawakopesha.

Mwanzisha uzi:

Ndugu yangu wa Likasi, ninaiheshimu Show No Mercy, na hilo la akiba ya Araya linanifanya niipende zaidi. Lakini sikiliza gitaa zake tena. Ni Iron Maiden na Judas Priest waliovaa nguo nyeusi. Melodi za gitaa mbili zinazokwenda pamoja, sauti za juu, mbio za farasi. Giza liko kwenye maneno na kwenye picha, mkono bado haujafika. Slayer wenyewe, wale wa kutisha kweli, walifika kati ya 1984 na 1986, na wakafika mbali kuliko mtu yeyote, Reign in Blood ni ushahidi. Ila mwaka 1983 mkono uliokuwa umeshafika ni mmoja.

Nikiendelea hapohapo: Fistful of Metal ya Anthrax, Januari 1984, ina nguvu lakini bendi ilikuwa bado haijajijua, hata mwimbaji wakambadilisha. Killing Is My Business ya Megadeth ina upigaji mgumu kuliko Kill 'Em All, hilo nakubali kabisa, ila rekodi yake imeumizwa na ukosefu wa pesa. Anayekaribia ni Exodus na Bonded by Blood. Ilirekodiwa 1984 ikachelewa kutoka hadi 1985, na ule mwaka mmoja uliwanyima heshima yao. Kama ingetoka kwa wakati, huenda nisingekuwa na uhakika huu wote.

Dada wa Kamalondo:

Kaka, umeahidi Cliff Burton halafu umempita. Mimi si mtu wa metali, lakini mdogo wangu wa kiume aliniwekea ule wimbo wa besi peke yake, Pulling Teeth, nikamwambia huyu anapiga karindula. Sikufanya mzaha. Nyuzi nne, sauti inayokwaruza, na besi ndiyo inayoongoza wimbo wote. Watu wa karindula hawahitaji gitaa la solo, ile banjo kubwa ya pipa inatosha.

Mwanzisha uzi:

Dada, umenishika, na nakushukuru. Nilikuwa nimemwachia nafasi yake.

Ulilosema ni kweli zaidi ya unavyodhani. Karindula ina pipa lililovikwa ngozi ya mbuzi, shingo ndefu, nyuzi nne, na ile ngozi inazipa nyuzi mtetemo mchafu ambao fundi wa studio angetaka kuusafisha. Wenyewe wanautaka hivyo. Burton naye alichukua besi, akaipitisha kwenye mkwaruzo na kwenye kile kifaa cha kukanyagia kwa mguu kinachofanya sauti ilie kama mtu, na akapiga mbele kama mpiga solo. Tena kwa vidole, hakutumia mediatori. Mwanzoni utasikia fundi wa sauti anatangaza kwamba hii ni solo ya besi, rekodi ya kwanza. Halafu Burton anaanza peke yake, na kuna kitu cha kanisani ndani yake, akordi zilizovunjwavunjwa zinapanda taratibu, mtu aliyemsikiliza Bach sana. Kisha mkwaruzo unazidi, kisha batri inaingia na besi inaanza kukimbia mbele yake.

Bendi ilimtaka kiasi cha kuhama mji kwa ajili yake. Burton aliwaambia hahamii Los Angeles, basi wao wakahamia upande wa San Francisco. Ndiyo sababu ninasema albamu hii ni ya mkono wa kulia, na mikono yenyewe ni miwili: wa Hetfield na wa Burton. Kumpa mpiga besi zaidi ya dakika 4 peke yake, kwenye albamu ya kwanza, iliyolipiwa na mwenye meza ya sokoni, wakati kila dakika ya santuri ina thamani! Burton alifariki tarehe 27 Septemba 1986 kwenye ajali ya basi la bendi nchini Sweden, akiwa na miaka 24. Kwenye albamu tatu tu alizoshiriki alibadilisha namna vijana wengi wanavyoishika besi.

Mchangiaji wa Kasumbalesa:

Mimi ni mtu wa barabara, nakwenda Kitwe na Ndola kila mara. Wakubwa, mnaongea kana kwamba gitaa zito lilikuwa la Marekani na Uingereza peke yao. Hapo ng'ambo tu, Zambia, miaka ya 1970 kulikuwa na WITCH, Amanaz, Ngozi Family. Gitaa zenye mkwaruzo, kwenye ukanda wa shaba uleule tunaoishi sisi. Kabla ya Metallica kuzaliwa.

Mwanzisha uzi:

Mukubwa, uko sahihi na ni vizuri umelileta. Zamrock, yaani hiyo roki ya Zambia, ingefaa uzi wake wenyewe. WITCH walitoa Introduction mwaka 1972, na Jagari Chanda bado alipanda jukwaani akiwa mzee. Ule mkwaruzo wao ni mzito na mtamu, na ngoma zinazunguka kwa namna ambayo Lars Ulrich hajawahi kuijua.

Tofauti naiona kwenye kubana. Zamrock inaacha sauti itiririke, mkwaruzo unafunika kila kitu, wimbo unapumua. Thrashi inakata. Lakini nakubaliana nawe kwamba masikio ya watu wa migodini yalikuwa tayari kwa gitaa zito. Sepultura nao walitoka Belo Horizonte, mji mkuu wa jimbo la Brazil ambalo hata jina lake ni la migodi, na albamu yao ya kwanza ya 1986 ilirekodiwa kwa umaskini mkubwa. Botswana leo wana metali yao na mashabiki wanaovaa ngozi toka kichwa hadi mguu. Nairobi kuna Duma, waliotoa albamu yao ya kwanza 2020. Kwa nini Lubumbashi, mji uliojengwa juu ya tanuru za shaba, usiwe na bendi moja ya thrashi inayojulikana? Wapiga gitaa tunao. Vyumba vya mazoezi vipo, vya kanisa hasa. Nataka kuliona hilo nikiwa hai.

Mchangiaji kutoka Bukavu, sasa Lubumbashi:

Naomba niseme kitu ambacho si cha gitaa. No Remorse, ule unaousifu, unaimba juu ya vita visivyo na huruma na kana kwamba ni jambo la kujivunia. Mimi nimekimbia vita. Nikisikia kijana wa California anaimba hivyo nazima. Muziki ni mzuri, nakubali, lakini maneno hayo yananiumiza. Unayasikilizaje?

Mwanzisha uzi:

Pole sana, ndugu. Unastahili jibu la kweli.

Maneno ya No Remorse ni ya mtu ambaye hajaona vita. Yamechukuliwa kwenye sinema na kwenye majalada ya santuri za wengine, na yanasikika hivyo. Siwezi kuyatetea, na sitakuambia uyazoee. Mimi nayasikia kama sauti tu, silabi zinazogongana na rifu, na ninaweza kufanya hivyo kwa sababu sikupitia uliyopitia wewe. Hiyo ni bahati yangu.

Ninachoweza kukupa ni hiki. Hetfield huyuhuyu, miaka 3 baadaye kwenye Master of Puppets, aliandika Disposable Heroes, na pale vita vinaonekana kutoka upande wa kijana anayetumwa kufa na wakubwa ambao hawatakufa. Hakuna kujivuna. Kuna hasira, na hasira yenyewe inaelekezwa kwa anayestahili. Ukiweza, ijaribu hiyo. Na usipoweza, niko nawe, sitakudai uipende albamu yoyote.

Mchangiaji wa Katuba:

Yaya, nimerudisha kiganja nyuma kama ulivyosema. Imetoka! Mama amegonga ukuta. Swali la mwisho: nitafute toleo gani? Nimeona moja lina nyimbo 12.

Mwanzisha uzi:

Hongera sana! Mwombe mama radhi na upunguze amplifaya, usiache mazoezi.

Lile la nyimbo 12 ni la 1988, baada ya kampuni kubwa ya Elektra kuichukua albamu. Mbili za mwisho ni Am I Evil? ya Diamond Head na Blitzkrieg ya bendi yenye jina hilohilo, zote za Waingereza. Ni nzuri, na Am I Evil? itakufundisha mengi juu ya kujenga rifu ndefu, lakini hazikuwa sehemu ya albamu. Metal Militia ikimalizika, simamisha. Kisha rudi kwenye Seek & Destroy na gitaa mkononi, ifikishe kwenye mwendo wake halisi bila pigo hata moja la kupanda, ndipo uhamie Motorbreath. Ukikwama kwenye ile sehemu ya katikati inayokimbia, andika hapa nitakujibu.